Hedifoni za mgongo wazi za bei nafuu: jozi moja ya muziki na gemu, tuchague vipi?

sikio_wazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya hedifoni hayaishi, na mara nyingi muulizaji anaondoka na majina matano bila kujua achague kwa kigezo gani. Naomba uzi huu tuuelekeze kwenye aina moja tu: za mgongo wazi, za bei ambayo mtu wa kawaida akijibana anaifikia, zitakazotumika kwa muziki na kwa gemu bila kulazimika kununua jozi mbili.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kunipinga aanze mapema. Jozi moja ya stereo, ya mgongo wazi, inayokaa vizuri kichwani na isiyodai amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu ya sauti), inatosha kwa kazi zote mbili. Neno "gemu" kwenye boksi, taa za rangi na maandishi ya 7.1 (yaani sauti ya kuzunguka, kama ya spika saba na moja ya besi) haviongezi chochote kwenye sauti. Pesa inayoenda huko ingeweza kwenda kwenye spika iliyo ndani ya kikombe.

Kwa ambaye hajawahi kuzivaa: nyuma ya spika hakuna kifuniko kigumu, kuna wavu au matundu. Hewa inapita, na sauti inapita. Kwenye hedifoni zilizofungwa, wimbi linalotoka nyuma ya spika linagonga ukuta wa kikombe na sehemu yake inarudi sikioni ikiwa imechelewa kidogo. Hapo ndipo unapata ile hisia ya kusikilizia ndani ya chumba kidogo. Ukiuondoa ukuta, wimbi linaenda zake, na sauti inaonekana kusimama nje ya kichwa. Kwenye muziki uliorekodiwa vizuri unasikia ngoma iko wapi, kinanda kiko wapi, na pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza mstari. Kwenye gemu unasikia mlango umefunguliwa nyuma yako upande wa kulia.

Teknolojia hii si ngeni. Sennheiser walitoa HD 414 mwaka 1968, na ndiyo inayohesabiwa kuwa hedifoni ya kwanza ya mgongo wazi kuuzwa sokoni. Ilikuwa nyepesi, na mito yake ilikuwa ya sponji ya njano. Kabla yake, hedifoni nzuri ilikuwa kitu kizito kinachobana na kutoa jasho.

Sasa hasara zake, na hizi zitangulie bei, jina na kila kitu kingine.

Ya kwanza ni uvujaji, na unaenda pande zote mbili. Aliyeketi karibu nawe atausikia wimbo wako, na wewe utasikia feni, televisheni na mazungumzo ya watu. Kama chumba chako hakitulii, au unasikilizia kwenye basi, maktaba na ofisini, tafadhali usinunue za mgongo wazi hata ukipewa kwa nusu bei. Utaongeza sauti ili kuishinda kelele, masikio yataumia, na ule uwazi ulioulipia hutausikia.

Ya pili ni besi. Wimbi la nyuma likiwa huru kuzunguka, kwenye masafa ya chini linakutana na la mbele na yanafutana. Ndiyo maana hedifoni nyingi za aina hii za bei ya chini zinaanza kupungua nguvu chini ya 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde) au karibu na hapo. Besi ipo, unaisikia mdundo wake, lakini ule mtikisiko wa 30 Hz unaofanya kifua kitetemeke hautaupata. Anayeishi kwa ajili ya mtikisiko huo achukue zilizofungwa, atafurahi zaidi.

Aliyezipita hizo mbili, karibu. Tuanze na mnachotumia na kwa nini.

mzee_wa_waya

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza kwenye lile neno lako "isiyodai amplifaya", maana hapo ndipo watu wengi wanapotezwa.

Watu wanaangalia omu peke yake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. "Hii ni omu 32, rahisi. Ile ni omu 250, ngumu." Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni usikivu wa hedifoni, yaani inatoa desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ikipewa nguvu kiasi fulani. Na kuna mtego: kiwanda kimoja kinaandika desibeli kwa miliwati moja, kingine kinaandika kwa volti moja. Ukizilinganisha bila kuzigeuza kwanza, unadanganyika.

Nimezigeuza nne zinazotajwa sana, zote kwa volti 1, kwa kutumia namba za viwanda vyenyewe. Volti 1 ni karibu na kinachotolewa na vile vifaa vidogo vya USB-C vya kuchomekea hedifoni kwenye simu.

Philips SHP9500, omu 32: karibu 116 dB.
Sennheiser HD 560S, omu 120: 110 dB.
HiFiMAN HE400se, omu 32: karibu 106 dB.
Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250: 102 dB.

Tazameni ya pili na ya tatu. HE400se ina omu 32 na HD 560S ina 120, lakini yenye omu 32 ndiyo inayosikika chini kwa volti ileile. Juu ya hapo inavuta mkondo mkubwa: ukitaka vilele vya 110 dB inahitaji kama miliampea 50, na kifaa kidogo cha simu kinaweza kuanza kukwaruza kabla ya kufika huko. Omu ndogo haimaanishi rahisi.

Upande wa pili, tusiogopeshane. 102 dB ni sauti kubwa sana. Mwenye DT 990 Pro ya omu 250 kwenye kompyuta yenye tundu zuri la sauti atasikia vizuri, isipokuwa kwa rekodi zilizorekodiwa chini, kama muziki wa okestra na filamu za zamani. Hapo ataona kitelezi cha sauti kimefika mwisho na bado anataka zaidi. Amplifaya inaondoa tatizo hilo. Haibadilishi hedifoni mbaya ikawa nzuri, na sipendi kuona mtu anaambiwa anunue amplifaya kabla hajasikiliza alichonacho.

Kitu kingine ni ukinzani wa tundu lenyewe. Kanuni inayotumika ni hedifoni iwe na omu angalau mara nane ya za tundu. Baadhi ya kompyuta na mikseta za zamani zina matundu ya omu nyingi, na hedifoni ya omu 32 ikichomekwa hapo besi yake inaweza kubadilika na kuwa nzito na legevu. Mtu anailaumu hedifoni, kumbe ni tundu.

gemu_usiku

Nimekuja kwa upande wa gemu, na nakubaliana na mleta uzi kuhusu 7.1, ila naomba niieleze vizuri kwa sababu vijana wengi bado wanaamini ndani ya kikombe kuna spika saba.

Binadamu ana masikio mawili. Anajua sauti inatoka wapi kwa sababu inafika sikio moja kabla ya jingine, inafika na nguvu tofauti, na umbo la sikio, kichwa na mabega linaibadilisha kidogo kulingana na upande ilikotoka. Programu inaweza kuiga mabadiliko hayo na kuyaweka ndani ya stereo ya kawaida. Gemu ya Counter-Strike ina mfumo huo ndani yake tangu enzi za toleo la CS:GO, Valorant waliuongeza baadaye, Overwatch ina Dolby Atmos ya hedifoni, na konsoli ya PS5 ilikuja na mfumo wake uitwao Tempest mwaka 2020. Zote hizi zinafanya kazi na hedifoni yoyote ya waya yenye kushoto na kulia. Hesabu inafanywa na mashine, hedifoni inapokea matokeo tu.

Kosa ninaloliona kila siku: gemu imewashwa mfumo wake, Windows Sonic (mfumo kama huo uliomo ndani ya Windows) nayo imewashwa, na programu ya hedifoni nayo ina "7.1" imewashwa. Sauti moja inachakatwa mara tatu. Hatua za adui zinasikika kama ziko kila mahali. Washa moja tu, na kama gemu ina ya kwake, chagua ya gemu, kwa sababu gemu yenyewe ndiyo inayojua adui yuko wapi hasa. Nyingine zote ziache kwenye stereo.

Halafu kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Upana ni jinsi sauti zinavyoonekana kwenda mbali nje ya kichwa. Uwekaji ni jinsi unavyoweza kunyoosha kidole na kusema "yuko pale". Hedifoni inaweza kuwa pana sana na bado ikawa na ukungu, unajua kuna mtu kushoto lakini hujui ni kushoto kwa mbele au kwa nyuma. Kwa gemu za ushindani, mimi nachagua uwekaji. Kwa gemu za kutembea na kushangaa dunia, upana unaleta raha ya ajabu: upepo, mto, mvua juu ya bati la nyumba iliyo mbali.

Na besi pungufu, kwenye gemu za kufyatua risasi ni faida. Mlipuko haumezi hatua za miguu.

Maiki ndiyo tatizo la kweli. Hedifoni nyingi za mgongo wazi hazina. Njia zilizopo: maiki ya mezani ya USB, au maiki ya kubandika kwa sumaku kama ModMic, au kama hedifoni ina tundu la 3.5 mm kwenye kikombe, V-MODA BoomPro, ambayo ni waya na maiki kwa pamoja. SHP9500 inaipokea bila shida. HD 560S haiipokei, tundu lake ni la 2.5 mm lenye kufuli. DT 990 Pro ya kawaida waya wake hautoki kabisa, kwa hiyo ni ya kubandika au ya mezani.

Anayetaka vyote viwe kitu kimoja kuna PC38X, iliyotengenezwa na kampuni ya EPOS kwa ajili ya duka la mtandaoni la Drop. Mgongo wazi, omu 28, maiki nzuri ambayo ukiinyanyua inajizima. Hiyo ndiyo hedseti ya gemu ninayoweza kumpendekezea mtu anayependa muziki bila kuona haya.

Jambo la mwisho: sauti inavuja, hivyo maiki ikiwa karibu na wavu wenzako watasikia gemu yako. Tumia kitufe cha kubonyeza ndipo uongee.

mama_wa_miwani

Habari zenu wakuu. Nimesoma yote na nimeelimika. Mimi situmii kompyuta. Nina PS5 na simu, navaa miwani, na nikivaa hedifoni zangu za sasa baada ya muda mfupi maumivu yanaanza juu ya sikio. Muziki ninaosikiliza ni taarabu, kwaya na gitaa. Bajeti yangu ni ya chini hadi ya kati. Je, naanzia wapi? Na za Bluetooth zipo za mgongo wazi?

sikio_wazi

Karibu sana dada yangu. Umetoa maelezo ambayo wengi huyasahau, nitajibu kwa urefu.

Bluetooth ya kawaida ina ucheleweshaji unaozidi milisekunde 100, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwenye muziki hausumbui, kwenye gemu unaona risasi kabla ya kuisikia. Baki kwenye waya. Pedi ya PS5 ina tundu la 3.5 mm, unachomeka hapo na Tempest inafanya kazi.

Miwani. Kinachouma ni mkono wa miwani kubanwa kwenye fuvu na mto mgumu. Tafuta mto wa kitambaa au mahameli wenye sponji laini, na kikombe kikubwa kinachozunguka sikio lote bila kuligusa. Ngozi bandia kwenye mgongo wazi sioni faida yake, inaleta joto ambalo ulikimbia kwa kuchagua wavu. Uzito nao una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: HD 560S ni gramu 240 bila waya, DT 990 Pro ni 250, AD700X ya Audio-Technica ni 265, SHP9500 ni zaidi ya 300, na HE400se inakaribia 400. Tofauti ya gramu 150 ni kidogo mkononi. Shingoni, usiku ukienda, ni nyingi.

Kwa pedi na simu, unataka inayosikika kirahisi. SHP9500 ingekuwa chaguo langu la kwanza kwako. Haibani, ni pana, sauti za watu zinasikika wazi, na gitaa la nailoni lina uhai. Kasoro zake nakwambia waziwazi: besi ya chini kabisa haina, sauti za juu ni kali kidogo kwenye herufi S, na mito yake haikutengenezwa itoke kirahisi, hivyo ikichakaa kazi ipo. Kwa mwenye kichwa chembamba inaweza kulegea.

Audio-Technica ATH-AD700X ni ndugu wa karibu kwa matumizi. Hii inapendwa na wacheza gemu kwa upana wake. Vikombe ni vikubwa, mito ni ya kitambaa, na badala ya ukanda wa juu kuna mabawa mawili yanayokaa kichwani. Watu wenye nywele nyingi wanayapenda, wenye kichwa kidogo wanalalamika yanateleza. Besi yake ni nyembamba kuliko ya SHP9500. Kwa kwaya ni nzuri kupita maelezo. Kwa taarabu ya kisasa yenye besi ya kinanda, utahisi kuna kitu kimeondolewa.

Ukiweza kusogea juu kidogo, HD 560S ya mwaka 2020 ndiyo ninayoiona imekaa katikati ya kila kitu: nyepesi, haiongezi mambo mengi ya kwake kwenye sauti, besi inashuka chini kuliko hizo mbili, uwekaji ni makini. Kwa pedi itasikika chini kuliko SHP9500, lakini inatosha. Angalizo moja, inabana inapokuwa mpya. Kwa miwani yako ningekushauri uijaribu kwanza kabla ya kulipa.

Na kama pesa ni ndogo kabisa, usidharau Koss. Porta Pro ipo tangu 1984, inajikunja, ni nyepesi mno, ina besi ya joto. KSC75 haina hata ukanda, inaning'inia sikioni kwa ndoano. Ndoano na miwani zinagombania nafasi ileile, kwa hiyo kwako ni Porta Pro. Sauti inayotoka kwenye vitu hivi viwili inazishinda hedseti nyingi za gemu zenye boksi kubwa, na nalisema hili nikimaanisha kila neno.

fundi_koili

Nawasalimu. Nakuja kuitetea DT 990 Pro, naona mmeipitia juujuu.

Ni hedifoni imara. Chuma, mito ya mahameli laini kuliko zote mlizotaja, kila kipande kinapatikana na kubadilishwa: mito, ukanda, hata spika. Ukinunua kwa hesabu ya miaka mingi, hiyo ni bei nafuu ya kweli. Besi yake ina nguvu kwa hedifoni ya mgongo wazi, na upana ni mkubwa. Kwenye gemu, sauti ndogondogo kama kuvuta pini au kubadilisha risasi zinaruka mbele.

Pia sijaona mtu akitaja za plana kwa haki yake. HE400se badala ya koni na koili za spika ya kawaida ina utando mwembamba wenye nyaya juu yake, ukiwa mbele ya sumaku. Utando wote unasukumwa kwa pamoja. Besi yake inanyooka chini bila kupungua kama za koili za bei hiyo. Kwa muziki wenye ngoma halisi, ukizisikia huzirudii hizo nyingine.

sikio_wazi

Fundi, kwenye uimara na vipuri nakubali yote. Pengine hakuna inayoishinda kwa hilo katika bei yake.

Kwenye sauti siwezi kunyamaza. DT 990 Pro ina kilele kikubwa karibu na 8 kHz, yaani kwenye sauti za juu. Hizo sauti ndogo zinaruka mbele kwa sababu zimesukumwa mbele. Matoazi na herufi S nazo zinasukumwa vilevile. Kuna masikio hayasumbuki. Yangu yanachoka, na mtu mwenye masikio mepesi akinunua kwa sifa bila kusikiliza anaweza kuichukia aina nzima ya mgongo wazi. Ningependa kila anayeipendekeza aambatanishe onyo hilo.

HE400se nakubaliana nawe kuhusu besi bila ubishi. Nisichokubali ni kumpa mtu wa pedi na simu. Kwa mwenye kompyuta na amplifaya ndogo, na shingo isiyolalamika, nasema achukue.

mzee_wa_waya

Mnagombana kwa kitu kinachorekebishika bure. Ikwalaiza, wakuu, yaani programu ya kupandisha au kushusha sehemu za sauti.

Kwenye Windows kuna Equalizer APO, haina malipo, na inarekebisha sauti ya mashine nzima, muziki na gemu pamoja. Kwa DT 990 Pro weka kichujio kwenye 8 kHz, shusha desibeli 4 hadi 6, uone kama bado inakuchoma. Kwa SHP9500 au AD700X, pandisha kila kilicho chini ya 100 Hz kwa desibeli 4 au 5. Ukipandisha popote, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho kwenye programu hiyohiyo, la sivyo vilele vinakatwa na unapata mkwaruzo. Watu wengi wanairuka hatua hii kisha wanasema ikwalaiza inaharibu sauti.

Mradi wa AutoEq umeshatengeneza mipangilio ya hedifoni nyingi sana, kwa kuzilinganisha na mkunjo wa Harman, ambao ulitokana na utafiti wa Sean Olive, Todd Welti na wenzao kuhusu sauti ambayo wasikilizaji wengi wanaipenda. Kwenye Android, programu ya Wavelet inaitumia moja kwa moja. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya hapo geuza kwa sikio lako, maana ni wewe unayesikiliza.

Kikomo kipo. Spika ndogo ya mgongo wazi ukiilazimisha 25 Hz kwa desibeli 10 itapasua sauti. Na ikwalaiza haiongezi upana, haipunguzi uzito na haiondoi maumivu. Ndiyo maana ninamuunga mkono mleta uzi: nunua kwa kichwa chako na chumba chako kwanza, sauti utaisogeza.

Kwenye konsoli uwezo wa kurekebisha ni mdogo, kwa hiyo dada wa miwani yeye anunue sauti anayoitaka tangu mwanzo.

gemu_usiku

Kwa kuwa mmetaja masikio: mgongo wazi unasikika wa asili kiasi kwamba mtu hajui amefungulia kwa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha salama kwa mtu mzima kuwa 80 dB kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto 75 dB. Kila ukipanda desibeli 3, muda wa salama unakatika nusu. Anayecheza kila usiku huku akiwinda hatua za miguu hupandisha sauti bila kujua. Mimi naweka kiwango kwa sauti kubwa kuliko zote kwenye gemu, mlipuko ule, halafu siigusi tena hadi nimalize.

kijana_wa_mtumba

Wakuu, asanteni. Bajeti yangu inaangukia kwenye zilizotumika. Nimepata mtu anauza DT 990 Pro na mwingine K702 ya AKG. Nikienda kuziangalia nikague nini? Na K702 ikoje?

fundi_koili

K702 ni pana sana, omu 62, waya unatoka kwa plagi ndogo ya XLR, na hilo ni jambo zuri kwa kitu kilichotumika kwa sababu waya ndio hufa kwanza. Besi ni nyembamba. Inataka nguvu kuliko omu zake zinavyoonyesha, kama mzee wa waya alivyofafanua. Kwa gemu na muziki wa ala ni tamu. Kwa hip hop, iache.

Ukaguzi: vaa, piga wimbo unaoujua, kisha geuza simu iwe kwenye mono (masikio yote mawili yapate sauti ileile), ipo kwenye mipangilio ya ufikivu. Sauti ya mwimbaji ikae katikati ya kichwa kabisa. Ikivutwa upande mmoja, upande mwingine una spika iliyochoka au waya unaokufa. Chezesha waya karibu na plagi na karibu na kikombe, usikie kama inakatika. Kwa DT 990 hilo ni muhimu maradufu kwa sababu waya wake unahitaji kuchomelewa ukiharibika.

Kisha pakua toni inayopanda taratibu kutoka 20 hadi 200 Hz, uisikilize kwa sauti ya wastani, upande mmoja mmoja. Inapaswa kupita laini. Ukisikia mtetemo kama mdudu aliyenaswa, usimkatalie muuzaji papo hapo. Kwenye za mgongo wazi mara nyingi ni unywele umepita kwenye mto na kugusa utando wa spika. Mwombe ruhusa uvue mto, ondoa ile sponji nyembamba, utoe unywele kwa kibano bila kugusa utando, rudisha, jaribu tena. Mtetemo ukiisha, bei ulete chini kidogo kwa ajili ya mito mipya na uichukue. Ukibaki, koili imepinda au inagusa, ondoka.